Debe la Maji ya Suji

Nilipokuwa kijana niliamini kwa moyo wangu wote kwamba watoto wa Suji hawasikii sindano. Sisemi kwamba walivumilia. Hawakusikia. Habari hizi zilijulikana kambi nzima ya mkonge kule tambarare, ambako baba yangu alifika kwa miguu kutoka Urambo akitafuta kazi, na maelezo yake yalikuwa ya kitaalamu kabisa: kule mlimani, mtoto akishazaliwa anaogeshwa kwa maji ya ndiva, lile bwawa ambalo Wapare hukusanyia maji usiku ili asubuhi wayafungulie kwenye mifereji ya mashamba. Maji yaliyolala nje usiku kucha kule juu, walisema wakata mkonge, yana baridi ya kuua mishipa ya maumivu. Ukishaogeshwa mara moja, ngozi yako imelala maisha yote. Mpishi wa kambi alikuwa na ushahidi. Alimwona kwa macho yake mtu wa Suji aking'olewa jino huku anaendelea kubishana na jirani yake kuhusu mpaka wa shamba.

Naandika haya kwa ajili yenu, vijana mnaobaki zahanati. Mmekuwa mkiniuliza nilifanyaje watoto wa Kihurio wakaacha kunikimbia, na jibu langu lilikuwa moja siku zote: maji ya Suji. Zaidi ya hapo, kuna mguu wa mtoto mmoja ambao wakati fulani ulining'inia kwenye uvumi huu, kwa hiyo si vizuri nikauacha bila kuandikwa. Vyeo sitavizungumzia, havikuwa vingi. Mishahara nayo tuiache, yenyewe iliniacha mapema kila mwezi.

Kwanza mjue kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mwoga wa daktari kuliko watoto wote wa Tanganyika. Mama alikuwa na dawa moja tu ya utundu: "Nyamaza, nitamwita bwana wa sindano." Nimekataa ugali, bwana wa sindano. Nimetumbukiza ndoo kisimani, bwana wa sindano. Kwa hiyo siku alipofika kweli kambini kuchanja ndui, nilijua amekuja kunihukumu kwa makosa yote kwa pamoja. Nikajichimbia ndani ya rundo la katani lililokuwa limeanikwa. Nilikaa humo hadi jua likazama, nikatoka ninawashwa mwili mzima kama niliyejifunika upupu. Mama akanishika mkono akanipeleka nikapate dawa ya kuwashwa. Kwa nani? Kwa bwana wa sindano, aliyekuwa bado anafunga mizigo yake. Akanichanja kwanza, ndipo akauliza ninaumwa nini.

Shule ya mchana ilinipita nikiwa nabeba mafungu ya mkonge. Nilisoma usiku, ukubwani, chini ya taa ya karabai. Darasa lilikuwa na mbu wengi kuliko wanafunzi, na kwa kuwa mbu hawakukosa hata kipindi kimoja, nadhani wao ndio walioelimika zaidi. Uhuru ulinikuta naandika "baba analima". Bendera mpya ilipokuwa imeshazoeleka, nilikuwa nimefika "baba analima shamba kubwa", na mwalimu akasema sasa naweza kufanya kazi yoyote nchini. Nikaenda na cheti changu hospitali ya mjini Same, nikapokelewa kama mfagiaji, baadaye mwosha chupa, baadaye dresa wa vidonda.

Ninyi mnafungua sindano kwenye karatasi kama peremende. Sisi tulikuwa na mabomba ya kioo na sindano za chuma zilizomfahamu kila mtu wa wilaya. Asubuhi tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na zikishakuwa butu tunazinoa kwenye jiwe. Kazi ya kunoa ilikuwa yangu, na nilikuwa fundi. Nilinoa sindano ikawa kali kiasi kwamba mgonjwa akiitazama tu anapona. Walau ndivyo wengi walivyodai, wakaondoka kabla sijawagusa.

Siku nilipoambiwa nimehamishiwa Suji, wenzangu walinipa pole kwa ajili ya baridi na kilima. Mimi nilikuwa nachekelea. Nilikuwa nakwenda kuwaona wale watoto. Nilipanda kutoka Makanya nikiwa na sanduku la bati kichwani, na kila kona ya njia ile niliona nimefika, mpaka niliposhuku kwamba Suji inapanda pamoja nami.

Zahanati ilikuwa chini ya Mama Nanzia, mwuguzi mfupi wa makamo, mwenye sauti iliyozoea kwaya ya kanisani, ambaye alichoma sindano miaka mingi kabla mimi sijajua kushika kalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye dresa mpya? Mbona mrefu hivi? Mlango wetu utakupiga kila asubuhi."

Ulinipiga kila asubuhi.

Siku ya chanjo ilipofika nilisimama pembeni, nimeshika trei, roho iko juu. Mtoto wa kwanza akanyoosha mkono, akakunja uso kidogo, akaenda zake kucheza. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alipiga miayo. Labda hapo naongeza, lakini mdomo wake ulikuwa wazi na hakukutoka sauti. Nikamkumbuka mpishi wa kambi kwa heshima kubwa.

Mama Nanzia alikuwa na mitindo yake, nami niliitazama kama mtu anavyotazama maua ya mezani wakati anasubiri chakula. Siku ya watoto hakuvaa koti jeupe. Alikaa kwenye kigoda, macho yake yakawa usawa wa macho yao. Siku moja kabla ya chanjo aliwaita waje kucheza, akawapa bomba bovu lisilo na sindano wamchome mgomba wa nyuma ya jengo. Mgomba ule ulichanjwa mara nyingi kuliko kiumbe yeyote Afrika Mashariki, na kwa kweli haukuwahi kuugua ndui. Aliwavisha watoto mipira ya kusikilizia kifua. Kuna kitoto kimoja kilisikiliza moyo wake chenyewe, kikatoa macho, kikauliza, "Nani anatwanga humu?" Mama Nanzia akamjibu kwamba ni yeye mwenyewe, na asiache kutwanga. Kisha aliwaambia wote waziwazi: "Kesho itauma kama siafu. Siafu mmoja, si jeshi zima." Kesho yake aliwaosha mkono mmoja mmoja kwa maji ya ndiva, taratibu, akachoma.

Mimi mengine yote niliyaacha yapite. Macho yangu yalikuwa kwenye maji.

"Mama," nilimwuliza jioni tukikunja bandeji, "kwa hiyo siri ni maji?"

"Maji ni ya kutoa tope, baba."

"Ndiyo, lakini haya ya ndiva."

"Tope linatoka kwa maji yoyote."

Nikaelewa kwamba ananificha. Nilijiambia kuwa watu wa mlimani hawawezi kumpa mtoto wa Mnyamwezi siri yao katika mazungumzo ya kukunja bandeji. Nilimheshimu zaidi kwa hilo, na sikumwuliza tena.

Baada ya Azimio la Arusha, watu walipoanza kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, nilipelekwa Kihurio, chini kabisa, kwenye mpunga na joto. Nilikuwa nimeshasoma kozi nikawa mganga wa zahanati. Jengo lilisimamishwa kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya Wapare ambayo pembe ikilia kila nyumba inatoa mtu. Hata watoto walibeba mchanga kwa furaha. Wangejua wanajenga nini wasingebeba hata kokoto moja.

Siku ya kwanza ya kliniki nilivaa koti langu jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe, nikatoka mlangoni, nikasema kwa sauti ya kiserikali, "Karibuni." Sijawahi kuona uwanja ukiwa mtupu haraka namna ile. Mtoto mmoja alipita dirishani akaondoka na pazia. Mwingine alipanda juu ya mgongo wa mama yake, akasimama begani, akawa anaangalia upande wa Mombo kama mtu anayetafuta gari. Hata mbuzi waliondoka, na mbuzi sikuwa nimewaambia kitu.

Jioni nilipita kijijini nikasikia sababu kwa masikio yangu. Kwenye nyumba moja mama alikuwa anamlisha mtoto: "Kula. Huli? Mganga yuko hapo nje." Na kweli nilikuwa hapo nje. Mtoto alimeza ugali bila kutafuna. Nikarudi nyumbani nikitafakari kwamba safari yangu yote ya elimu, pamoja na mbu wale wote, ilikuwa ya kunifanya mimi niwe bwana wa sindano.

Nilijaribu peremende. Walipokea peremende kwa mikono miwili, wakasema asante kwa adabu, wakakimbia nazo. Nilijaribu kuimba. Mbwa waliitikia. Ndipo nikajiambia, Hamisi, unateseka bure na dawa unaijua iko wapi.

Likizo ilipofika nilikwenda Suji na debe tupu. Mama Nanzia alisimama ukingoni mwa ndiva akanitazama nikilijaza.

"Kihurio kumekauka?"

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya watoto."

Alinitazama mimi, akatazama debe, akatazama njia ya kushukia. "Basi beba polepole," alisema. "Kiuno hakina dawa hapa."

Nilishuka nalo kichwani hadi Makanya. Maji yaliyomwagika shingoni sikuyahuzunikia, maana shingo ililala kweli, haikuhisi kitu mpaka Same. Mjini nikapata basi la kwenda Kihurio. Konda alikuwa kijana mwenye maneno.

"Ndugu, debe hilo lina nini?"

"Dawa."

Akafunua majani ya mgomba niliyofunikia, akachovya kidole, akaonja. "Mbona dawa hii ina ladha ya maji?"

"Hapo ndipo penye nguvu yake."

Mama mmoja aliyekaa na kuku mapajani akauliza yametoka wapi. Nikamwambia Suji. Alicheka hadi kuku akaamka. "Mwanangu, Kihurio maji yanashuka yenyewe mferejini kutoka huko huko milimani. Wewe unayapandisha gari?"

"Yale yameshuka kwa miguu, mama. Yanafika yamechoka. Haya yamepanda gari."

Basi zima likakubali kwamba hilo lina maana. Konda alilitoza debe nauli ya mtoto wa shule.

Debe nililiweka kwenye baraza ya zahanati, kivulini, nikalifunika kwa ubao na jiwe juu ya ubao, yasije yakapata joto yakasahau kazi. Nikatangaza kijiji kizima kwamba nimeleta maji yanayolaza mkono. Utaratibu niliupanga hivi. Debe liko chini, na kata ya kuchotea ilikuwa na mpini mfupi, kwa hiyo ilinibidi nichuchumae. Na mtu wa urefu wangu kuchuchumaa ni safari. Koti nalivua, maana linaloa. Mtoto anachagua mwenyewe mkono wa kulazwa. Namwagia taratibu, kisha tunasubiri mkono upate usingizi, na wakati tunasubiri tunazungumza: ndege wamekula mpunga wa nani, zamu ya maji ya mfereji iligombaniwa na nani, nani alianguka kwenye tope akasema amesukumwa. Mwisho namwambia kwamba itauma kidogo, kama siafu. Tahadhari hii niliiongeza kwa sababu maji yalikuwa yametoka mbali, na sikuwa na uhakika yamepungukiwa na nguvu kiasi gani njiani.

Yalifanya kazi. Siku ya kwanza walikuja wachache, wale ambao mama zao walikuwa na mikono yenye nguvu. Kliniki iliyofuata walikuja wengi. Kabla mvua hazijaisha walikuwa wanapanga foleni na kugombania nafasi kama wazazi wao wanavyogombania zamu ya maji shambani. Mtoto mmoja alitaka kuchanjwa mara mbili kwa kuwa mkono wa pili nao ulikuwa umelala. Niliwaandikia wenzangu wa Same kwamba tatizo la watoto kuogopa zahanati limekwisha Tanzania nzima, imebaki kusambaza madebe.

Imebaki nieleze habari ya Sefu.

Sefu alikuwa mtoto wa umri wa kukaribia shule, akilelewa na bibi yake, Bi Zena, mjane mwenye shamba la mpunga ukingoni mwa kijiji. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege kwa kombeo, na katika kazi hiyo alikuwa na shabaha ya kutisha. Ila daktari alimwogopa kwa namna ya pekee, hata debe langu halikumvuta. Wenzake wakipanga foleni, yeye anakaa mbali juu ya ukuta wa matofali, anahesabu nani ametoka mzima.

Akajikata mguu kwa jembe. Bi Zena akafunga majani, kwa sababu mtoto aliapa kwamba akipelekwa kwangu atahama nyumba. Nilipopata habari na kwenda, mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, kidonda kinanuka, na mtoto amelala chumbani na homa. Nilimvuta Bi Zena uani.

"Bibi, hapa pamechelewa. Leo leo kidonda kisafishwe na aanze sindano za penisilini. Tukiacha, itabidi Same, hospitali, na huko hakuna wa kukuahidi kwamba atarudi na miguu yote."

"Mwanangu," alisema Bi Zena, "anayo miwili tu."

Tulizungumza kwa sauti ya chini. Lakini nyumba za miti na udongo hazijui sauti ya chini. Nilipoingia na mfuko wangu, kitanda kilikuwa kitupu.

Tulimwona kwenye dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya mpunga kwa ajili ya mlinda ndege. Alikuwa amefika huko kwa mguu mmoja, akirukaruka kama kunguru, na sijui alipandaje. Pembeni yake kulikuwa na rundo la madonge ya udongo aliyoyakausha kwa ajili ya ndege. Wanaume wawili waliojitolea kumshusha walirudi, mmoja ameshika sikio. Nikawaambia waondoke wote. Nikaenda mwenyewe, mfuko begani, debe kichwani, nimevaa koti jeupe. Bi Zena akanifuata kwa nyuma.

Donge la kwanza lilipita karibu na shavu.

"Rudi huko, Mganga."

"Sefu, shuka nikutazame."

"Nitazame huko huko uliko."

"Mguu unauma?"

"Hauumi."

"Mbona unalia?"

"Silii. Ni homa."

Donge la pili lilinipiga kwenye mfuko wa koti, pale pale penye kalamu. Bi Zena akaona aingilie. "Sefu, mume wangu, shuka. Sindano haiumi hata kidogo."

"Kama haiumi, mbona huchomwi wewe?"

Bi Zena akanigeukia kama kwamba swali lile nilimfundisha mimi.

Nilivua koti, maana lilikuwa limeshageuka shabaha, nikampa Bi Zena. Nikashusha debe. Nilitaka kuchuchumaa kama kawaida ya kazi, lakini shamba lilikuwa limefunguliwa maji asubuhi ile. Mguu mmoja ukateleza, na mwenyewe nikaketi kwenye tope, kwa ukamilifu. Maji yakapanda hadi kiunoni. Sikuweza kuinuka bila kushika kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ngazi ya dungu, nami sikutaka adhani napanda. Nikabaki hapo.

Kombeo likashuka kidogo.

"Umekaa kwenye tope," alisema Sefu.

"Nimekaa."

"Mkeo atakusema."

"Atanisema sana."

Nilikuwa nausikia ule mguu kwa harufu kutoka nilipoketi, na nilijua kwamba jua likizama naye yuko huko juu, kesho hatutazungumza habari ya sindano tena.

"Utanikata mguu?"

"Kisu sina. Tazama." Nikatoa vitu kwenye mfuko wa begani kimoja kimoja nikaviweka juu ya ubao wa debe: bomba, sindano, pamba, chupa, mkasi wa kukatia bandeji. Mkasi aliutazama kwa muda, akauruhusu. "Nina dawa ya kusafishia, inawasha. Nina sindano, itauma. Na kesho itauma tena, na keshokutwa. Halafu mguu utaanza kupona."

"Itauma kama nini?"

"Siafu. Lakini sitakudanganya, huyu ni siafu mkubwa."

Akafikiri. "Na hayo maji ndiyo ya Suji?"

"Ndiyo yenyewe."

Sefu akacheka. Alicheka na machozi yake mashavuni, nikadhani homa inapanda kichwani. Kisha akatupa kombeo chini, akaanza kushuka kwa makalio, kijiti baada ya kijiti, nami nikampokea.

Sindano ile huchomwa takoni, kwa hiyo na maji ya Suji yalikwenda huko huko. Yalimwagika, akashika shingo yangu kwa nguvu, tukasubiri. Tulizungumza habari za ndege. Nikamwambia sasa. Akakaza meno sikioni mwangu, sikusikia kilio.

"Basi?" aliuliza.

"Basi. Kwa leo."

Kesho yake alikuja zahanati mgongoni kwa Bi Zena, akateremka mlangoni, akaingia kwa kurukaruka mwenyewe. Aliendelea kuja mpaka uvimbe ukashuka, mpaka harufu ikaisha, mpaka kidonda kikawa chekundu na safi kama kinavyotakiwa kuwa. Nilitoboa sana na sikumbuki kusikia zaidi ya pumzi. Wakati wa mavuno alikuwa anafukuza ndege kwa miguu miwili, na mimi nikawa na jambo la kusimulia.

Nalo nililisimulia. Niliitwa kwenye semina ya wilaya mjini Same, nikasimama mbele ya waganga na wauguzi wenzangu nikaeleza nguvu ya maji ya ndiva, pamoja na lile la mishipa, kama nilivyolipata kwa mpishi. Niliwaambia pia jambo la ajabu zaidi, kwamba debe langu halikuisha. Niliteka humo kliniki hadi kliniki, kiangazi na masika, na siku zote nililikuta limejaa. Nililieleza hili kwa uzito wa maji ya mlimani: ni maji mazito, hayakauki upesi. Daktari aliyekuwa mwenyekiti aliniuliza kwa upole kama nimeyapima. Nikamjibu ndiyo, kwa kata. Aliandika kitu, na sikupata majibu ya alichoandika.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na imani yangu mpaka mwaka huu wa kustaafu. Mliniandalia chai, nami nikatoa hotuba, ndefu kiasi, na mnakumbuka sehemu kubwa yake ilikuwa ya debe. Kati ya wageni alikuwepo Sefu, ambaye sasa ni dereva wa lori la mpunga, mwenye kovu mguuni na binti mdogo begani. Nilipofika kwenye maji mazito nikamwona ameinama, mabega yanatikisika. Nikadhani amekumbuka maumivu. Baada ya hotuba alinifuata nyuma ya zahanati, pale nilipokuwa nimeenda kupumua.

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba, Sefu. Naona nimekuliza."

"Mganga, kumbe siku zote hujui?"

"Sijui nini?"

Alimshusha binti yake, akamwacha achezee mfereji. "Maji ya Suji tuliyanywa sisi. Wiki ile ile uliyoyaleta. Ukienda kula mchana tunaondoa jiwe, tunakunywa, tulisikia yanatoa woga. Yakabaki kidogo chini, tukaogopa fimbo, tukajaza ya mferejini. Yakipungua, tunajaza. Ilikuwa kwa zamu. Siku ile uliyokuja nalo dunguni, nilikuwa nimelijaza mimi mwenyewe kabla sijajikata."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Kulikuwa na tofali.

"Kwa hiyo ulijua ni ya mfereji."

"Nilijua."

"Sasa ulishuka kwa ajili ya nini?"

Sefu alinitazama kama anayeshangaa kwamba hilo nalo linaulizwa.

"Ulikaa chini, Mganga. Wengine wote walikuwa wamesimama, wananiambia haiumi. Wewe ulikaa kwenye tope ukaniambia itauma. Basi."